Maisha ya Nikolai Vavilov, Mkusanyaji wa Mbegu

Katika somo la kilimo muhula huu mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliuliza swali lililonifanya ninyamaze kidogo kabla ya kujibu. Tulikuwa tukizungumza habari za mpunga, jinsi masuke yanavyoweza kutoka matupu joto likizidi wakati wa maua. Naye akauliza, ikiwa nchi inazidi kuwa na joto mwaka hata mwaka, mbona mpunga usizoee? Mtu wa Bukoba akihamia Dar es Salaam hutokwa jasho mwezi wa kwanza, kisha huzoea. Kwa nini mpunga usifanye vivyo hivyo? Wenzake wakacheka. Lakini swali lile si la kuchekwa hata kidogo. Katika nchi moja kubwa liliwagawanya wataalamu wa kilimo kwa miaka mingi, na mtu aliyesimama upande wa kweli alikufa gerezani kwa njaa. Saa ya somo haikutosha kueleza, nikaahidi kuandika habari za mtu huyo katika gazeti letu. Ndizo hizi.

Nikolai Ivanovich Vavilov alizaliwa mjini Moscow, nchi ya Urusi, tarehe 25 Novemba 1887. Baba yake alikuwa mtoto wa wakulima wa kijijini, akaja mjini angali mdogo, akaanza kazi za chini dukani, na kwa bidii yake akawa mfanyabiashara mkubwa wa nguo. Mzee huyo alitaka sana mwanawe amfuate katika biashara. Nikolai hakutaka. Alipokuwa na miaka minne, yaani mwaka 1891, mvua zilikosekana katika mikoa mingi ya Urusi, ikafuata njaa iliyoua watu laki kadhaa. Mtoto wa miaka minne hakumbuki mengi, lakini alikulia katika nyumba ambamo njaa ya vijijini ilikuwa habari ya kweli, si hadithi. Mwaka 1906 aliingia chuo cha kilimo cha Moscow.

Kazi yake ya kwanza ya kitaalamu haikuwa ya kujivunia mbele ya watu. Ilihusu konokono wasio na makoa, wale wanaotambaa usiku na kula mimea michanga. Nayataja haya kwa ajili ya wanafunzi wanaolalamika wakipewa kazi ya kuhesabu wadudu katika bustani ya shule.

Mwaka 1913 alipelekwa Uingereza kusoma kwa Profesa William Bateson, mtu aliyekuwa mstari wa mbele kueneza elimu ya urithi iliyoanzishwa na mtawa Gregor Mendel kwa kuchunguza njegere. Mnayajua mambo hayo katika somo la biolojia: kwamba urefu wa mmea, rangi ya ua na umbo la mbegu hutoka kwa wazazi kwa mpango unaoweza kuhesabiwa. Vavilov aliyashika mafundisho hayo akayapeleka shambani. Alijiuliza kwa nini aina moja ya ngano huugua kutu na nyingine, iliyo karibu yake, haiugui. Jibu alilolipata ni kwamba nguvu hiyo imo ndani ya mbegu tangu mwanzo. Hakuna aliyeifundisha.

Vita Kuu ya Kwanza ilimrudisha kwao. Mwaka 1916 askari wa Urusi waliokuwa Uajemi walianza kuugua: wakila mkate, walishikwa na kizunguzungu, wengine wakaanguka. Vavilov aliitwa kutafuta sababu, akaikuta katika unga wenyewe. Ngano ya huko ilikuwa imechanganyika na gugu lenye sumu linalofanana nayo, lile ambalo wengi hudhani ndilo magugu ya mfano wa Injili. Askari wakapigwa marufuku kula mkate wa huko, na kazi ikawa imekwisha. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Yeye alitumia ruhusa hiyo kusonga mbele mpaka milima ya Pamir, kwenye njia za barafu ambako farasi akiteleza hapatikani tena, ili aone wakulima wa huko wanapanda nini. Njiani walinzi wa mpaka walimkamata kwa kudhani ni mpelelezi, kwa kuwa alikuwa na vitabu vya lugha za kigeni. Walimzuia siku tatu.

Katika safari zake za milimani aliona jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kilimo alikumbuke. Huko chini bondeni wakulima walipanda ngano, na ndani ya ngano iliota nafaka nyingine ya nchi za baridi iitwayo rai, ambayo wao waliihesabu kuwa gugu tu. Alivyozidi kupanda mlima, ngano ilizidi kudhoofika kwa baridi na rai ikazidi kuongezeka, mpaka juu kabisa shamba lote lilikuwa la rai, na wakulima wakawa wakiivuna na kuila. Hakuna ngano iliyojifunza kuvumilia baridi. Kilichotokea ni kwamba shamba lilikuwa na mchanganyiko, na tabia ya nchi ilipobadilika, ile iliyokuwa na uwezo ikabaki na isiyokuwa nao ikatoweka. Lau shamba lingekuwa na ngano safi ya aina moja, watu wa juu wasingekuwa na kitu cha kuvuna.

Mwaka 1917 akawa mwalimu wa chuo kikuu mjini Saratov, kando ya mto Volga, na mwaka 1921 akaitwa Petrograd, mji ulioitwa Leningrad baadaye, kuongoza idara ya utafiti wa mimea. Alikuta nyumba za baridi zisizo na kuni na mbegu nyingi zimeliwa na watu wenye njaa. Mwaka ule ule ukame na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilileta njaa katika bonde la Volga iliyoua watu wapatao milioni tano. Hapo ndipo lile wazo lake likawa kazi ya maisha. Aliazimia kukusanya mbegu za mimea yote inayolimwa duniani, kila aina na kila namna, aziweke mahali pamoja, ili siku mkulima atakapopata ukame, au ugonjwa, au baridi isiyotazamiwa, pawepo mahali pa kutafuta mbegu iliyo na dawa yake.

Akafunga safari. Afghanistan mwaka 1924, kisha nchi za Bahari ya Kati, China, Japani, Korea na Taiwan mwaka 1929, Mexico na Amerika ya Kusini baada ya hapo. Alilala saa chache tu usiku, na wenzake wengi walishindwa kufuatana naye. Kila mahali aliingia masokoni, akanunua konzi moja ya kila mbegu aliyoiona, akaandika jina lake kwa lugha ya wenyeji, mahali ilipotoka na urefu wa mahali pale kutoka usawa wa bahari. Kufikia mwaka 1940 chuo chake kilikuwa na vifuko vya mbegu vipatavyo robo milioni.

Safari yake iliyo karibu na sisi ni ile ya Uhabeshi. Aliingia kwa njia ya Djibouti mwishoni mwa mwaka 1926, akapita Harar mpaka Addis Ababa. Ras Tafari, aliyetawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie mwaka 1930, alimpokea na kumpa ruhusa ya kusafiri. Akakodi nyumbu na watu, akaelekea kaskazini kwa msafara mpaka Eritrea. Imesimuliwa kwamba usiku mmoja walilala karibu na wanyang'anyi, naye akawapelekea chupa za pombe kali kama zawadi. Kulipopambazuka wao walikuwa bado wamelala fofofo na msafara ulikuwa umekwisha ondoka. Sina haja ya kuwashauri wanafunzi kuiga jambo hilo.

Alichokiona huko kilimshangaza. Ngano na shayiri za Uhabeshi zilikuwa na rangi na maumbo ambayo hakuyaona Ulaya wala Asia, na karibu nazo palikuwa na teff, mtama, ulezi na kahawa. Nchi ile ina milima na mabonde, mahali pa baridi na pa joto pakiwa mwendo wa siku moja tu, na mkulima wa kila kilima alikuwa na mbegu yake. Huko pia hulimwa enseti, ndugu wa mgomba, ambao watu hula shina lake badala ya tunda. Vavilov alifundisha kwamba dunia ina sehemu chache, nyingi zake za milima, ambako mimea ya chakula ilianza kulimwa, na huko ndiko ilikojaa aina nyingi. Uhabeshi akaihesabu kuwa mojawapo.

Si kila alilosema limesimama mpaka leo. Mpunga, kwa mfano, aliuweka India kuwa ndiko kwao, lakini machimbo ya kale yamewaonyesha wataalamu wa baadaye kwamba mpunga wa Asia ulilimwa mapema sana katika bonde la mto Yangtze huko China. Tena upo mpunga mwingine wa Kiafrika kabisa, uliozaliwa upande wa mto Niger, ambao haukutokana na ule wa Asia. Kosa la namna hiyo ni la mtu aliyefanya kazi. Lile lililo kubwa katika mafundisho yake halikutikisika.

Sasa nirudi kwenye swali la darasani, kwa maana ndilo lililomwangusha.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitokea kijana mmoja wa Ukraine, mwana wa wakulima, jina lake Trofim Lysenko. Huyu alionyesha kwamba mbegu za ngano ya majira ya baridi zikiloweshwa na kuwekwa kwenye baridi, zaweza kupandwa majira ya kuchipua na zikatoa masuke. Jambo hilo lina kweli ndani yake, na Vavilov mwenyewe, kwa ukarimu aliokuwa nao, alimsifu mbele ya watu na kumsaidia kupanda. Hapo alikosea, na kosa hilo lilimgharimu. Lysenko hakuishia pale. Alianza kufundisha kwamba mmea unaweza kuzoezwa, na mazoea yake yakarithiwa na watoto. Kwamba ngano ikikaa kwenye baridi itageuka kuwa ya baridi, na habari za Mendel ni upuuzi wa mabepari.

Mnaona kwamba ni lile lile alilouliza mwanafunzi wetu. Tofauti ni kwamba mwanafunzi aliuliza ili ajue, na Lysenko aliahidi ili apate cheo.

Wakati wenyewe ulimfaa. Serikali ya Stalin ilikuwa imewanyang'anya wakulima mashamba yao na kuyafanya ya ujima kwa nguvu, na mwaka 1932 na 1933 njaa kubwa ikaua mamilioni. Serikali haikutaka kusikia kwamba njaa ilitokana na amri zake. Ilitaka mbegu mpya upesi. Vavilov alisema kwamba kuzalisha aina mpya huchukua miaka kumi au zaidi, kwa kuwa mtu hana budi kuchanganya wazazi, kupanda, kuchagua, kupanda tena na kuchagua tena. Lysenko akaahidi kuifanya kazi hiyo kwa miaka miwili au mitatu. Mkubwa mwenye haraka, kati ya wawili hao, mnajua atamsikiliza nani. Mwaka 1938 Lysenko alifanywa rais wa chuo kikuu cha wataalamu wa kilimo cha nchi nzima, kiti ambacho Vavilov alikuwa wa kwanza kukikalia. Mwaka 1939 wataalamu wa urithi wa dunia walikutana Edinburgh na kumchagua Vavilov awe rais wa mkutano wao. Hakuruhusiwa kutoka nchini.

Angeweza kunyamaza. Wengi walinyamaza, na wengine walibadili maneno yao usiku mmoja. Yeye aliendelea kusema hadharani kwamba mafundisho yale ni ya uongo, tena yataleta njaa. Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa magharibi ya Ukraine, karibu na mji wa Chernivtsi, akikusanya mbegu kama kawaida yake. Watu wakaja kwa motokaa, wakamwambia anahitajiwa Moscow haraka. Wenzake hawakumwona tena. Usiku ule walipofungua mfuko wake wa safari wakakuta mganda wa ngano ya kale alioukusanya siku ile ile, aina ambayo hakuna aliyetazamia kuwa ingali ikilimwa sehemu zile.

Alihojiwa kwa miezi kumi na moja, mara nyingi usiku kucha. Akashitakiwa kuwa mpelelezi wa Waingereza na mharibifu wa kilimo. Mwezi wa Julai 1941 alihukumiwa kufa, na mwaka uliofuata hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Wajerumani walipoikaribia Moscow, wafungwa walihamishiwa Saratov, mji ule ule alikoanza kazi yake ya ualimu. Ndani ya chumba kilichosongamana aliwafundisha wafungwa wenzake juu ya mimea na historia ya kilimo. Katika mwaka 1942 chama cha wataalamu cha kifalme cha London kilimchagua kuwa mwanachama wake wa nje; yeye alikuwa akidhoofika kwa kukosa chakula. Alikufa tarehe 26 Januari 1943, akiwa na umri wa miaka 55. Mke wake, Elena Barulina, ambaye alikuwa mtaalamu wa dengu, alikuwa amekimbilia Saratov pamoja na mtoto wao Yuri, akikaa karibu na gereza lile. Hakujua. Vifurushi vya chakula alivyojinyima alikuwa akivituma Moscow.

Na zile mbegu? Mji wa Leningrad ulizingirwa na jeshi la Hitler tangu Septemba 1941 mpaka Januari 1944. Katika majira ya baridi ya kwanza posho ya mkate kwa mtu asiye mfanyakazi wa kiwandani wala askari ilikuwa gramu 125 kwa siku, kipande kinachoenea katika kiganja. Watu walikufa barabarani. Katika jengo la chuo, watumishi wa Vavilov walifungiwa pamoja na tani za ngano, mahindi, maharage na mpunga, wakizilinda zisiliwe na panya wala kuibwa na watu. Si mmoja wala wawili waliokufa kwa njaa humo. Bwana Dmitry Ivanov alikuwa mtunzaji wa mpunga. Alikufa Januari 1942, na chumbani mwake yalikutwa maelfu ya vifuko vya mpunga, vimefungwa kama vilivyokuwa.

Nimewahi kuulizwa na mzazi mmoja kama jambo hilo lilikuwa la busara, mtu kufa njaa juu ya chakula. Nami sikuwa na jibu jepesi, wala sina mpaka leo. Naweza kueleza tu walilolijua wao. Mbegu zile hazikuwa debe moja la mpunga. Kila kifuko kilikuwa na aina moja, kutoka kijiji kimoja, na vingi vyake vilitoka mahali ambapo aina hiyo ilikuwa imekwisha potea au ilikuwa karibu kupotea. Ukila kifuko, umeshiba jioni moja, na aina ile haitarudi tena duniani.

Mwaka 1955, Stalin alipokuwa amekwisha kufa, mahakama ilitamka kwamba Vavilov hakuwa na hatia yoyote. Leo chuo kile kina jina lake. Lysenko aliondolewa madarakani mwaka 1965, baada ya kuirudisha elimu ya mimea ya nchi yake nyuma kwa muda wa kizazi kizima.

Tuuchukue basi mpunga wenyewe, tuone alikuwa sahihi au sivyo. Ua la mpunga hufunguka kwa muda mfupi tu, kwa kawaida asubuhi au karibu na adhuhuri, saa moja hivi au mbili. Joto likizidi digrii 35 saa ile, chavua hushindwa kufanya kazi yake na punje haziingii. Mchana ukiwa na joto hata kwa siku chache katika juma lile la maua, mkulima ataona masuke yamesimama wima bila uzito. Joto la usiku nalo lina madhara yake. Mmea hupumua usiku, na kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo unavyotumia sukari uliyoitengeneza mchana badala ya kuiweka kwenye punje. Huko Los Baños, Ufilipino, kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga, wataalamu walilinganisha mavuno na joto la miaka mingi, wakatangaza mwaka 2004 kwamba kila usiku ulipoongezeka joto kwa digrii moja katika msimu wa kiangazi, mavuno yalipungua kwa karibu asilimia 10. Wengine husema hewa ya ukaa ikiongezeka mpunga hustawi zaidi. Ni kweli kwa kiasi, majani huongezeka. Lakini majaribio ya Japani na China yameonyesha kwamba mchele wake hupungukiwa na protini, madini ya chuma na zinki.

Katika nchi yetu wingi wa mpunga hutegemea mvua, iwe ni majaruba ya Usukuma au mashamba ya Kilombero na Kyela. Mvua ikichelewa miche huzeeka kitaluni. Ikizidi, shamba huzama. Sisi wa pwani ya Ziwa tulikwisha ona mwaka 2020 jinsi maji yanavyoweza kupanda hata kupita kipimo cha mwaka 1964. Huko Rufiji na Pemba maji ya chumvi huingia katika mashamba ya mpunga. Je, mpunga umezoea? Haukuzoea hata kidogo. Mche uliozama hauzai watoto wenye kujua kuogelea.

Lakini katika jimbo la Orissa, mashariki ya India, wakulima walikuwa na mpunga wao wa kienyeji, usio na mavuno makubwa, ambao ukifunikwa na maji huacha kukua, hutunza nguvu zake, na maji yakiondoka baada ya wiki mbili huendelea kama kawaida. Mbegu hiyo ilihifadhiwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba wameipata jeni inayoupa uwezo huo, wakauchanganya na mpunga wenye mavuno mengi, na sasa mamilioni ya wakulima wa Asia wanaupanda. Vivyo hivyo upo mpunga wa kale wa India uitwao N22 unaostahimili joto la wakati wa maua, na uitwao Pokkali, wa Kerala, unaostahimili chumvi. Katika miaka ya 1970, ugonjwa wa virusi wa kudumaza mpunga uliposhambulia Asia, maelfu ya aina zilipimwa, na mpunga wa porini wa India, tena mbegu za mahali pamoja tu, ndio uliokuwa na kinga. Wote hao hawakufundishwa na mtu. Walikuwa nayo, na palikuwa na mtu aliyewatunza mpaka siku ile.

Hapa kwetu mpunga si zao la mababu. Kibanja ni migomba, kahawa na maharage. Lakini tusidhani tumesalimika. Majina tunayo mengi, enshakala, enchoncho, enyoya, entobe, na kila bibi anajua ladha ya kila mmoja. Wataalamu wa urithi wamechunguza ndizi hizi za nyanda zetu za Maziwa Makuu wakakuta kwamba karibu zote zilitokana na mgomba mmoja wa kale, kwa kuwa hatupandi mbegu bali chipukizi, na chipukizi ni mama yake yule yule. Ndiyo sababu mnyauko ulipoonekana wilayani Muleba mwaka 2006 hapakuwa na aina ya kwetu iliyosema mimi sijali. Mpunga una bahati kuliko mgomba: huzaa mbegu, na mbegu hutofautiana. Wakulima wetu wa Tanzania wana Supa, Shingo ya Mwali, Rangi Mbili, Kihogo na mingine mingi, na mingi yake imo hatarini kusahauliwa kila mbegu mpya moja inapoenea.

Muhula ujao kidato cha pili watatenga tuta moja katika bustani ya shule kwa ajili ya mpunga wa aina mbalimbali, nao watapima joto la asubuhi na la usiku katika wiki za maua na kuhesabu punje tupu katika kila suke. Yule aliyeuliza swali ndiye atakayeshika daftari. Wazazi walio na mbegu ya mpunga, au ya maharage ya zamani ambayo haionekani tena sokoni, tunawaomba watupatie konzi moja. Tafadhali iwekwe katika kifuko na kuandikwa jina lake kwa Kihaya au kwa lugha yoyote ya kwao, kijiji ilikotoka, na mwaka iliyovunwa.